Aneurin Bevan: mchimba makaa aliyewafungulia maskini wa Uingereza milango ya hospitali

Tarehe 5 julai 1948, waziri wa afya wa Uingereza, Aneurin Bevan, alifika katika hospitali ya Park, Davyhulme, karibu na mji wa Manchester, akapokea funguo za hospitali hiyo kwa jina la serikali. Kuanzia siku hiyo, kila mkaaji wa nchi, tajiri ama maskini, aliweza kuonwa na mganga, kulazwa, kupasuliwa na kupewa dawa bila kuombwa pesa mlangoni.

Mtu aliyesimamia kazi hiyo alikuwa ameacha masomo akiwa na miaka 13 na kushuka katika mgodi wa makaa ya mawe. Maisha yake yanastahili kujulikana mahali popote ambapo familia inauza mbuzi ama kipande cha shamba ili mgonjwa wao aruhusiwe kutoka hospitalini.

Mtoto wa Tredegar

Bevan, ambaye wengi walimwita Nye, alizaliwa tarehe 15 novemba 1897 Tredegar, mji mdogo wa kusini mwa Wales ulioishi kwa makaa ya mawe na chuma. Baba yake, David, alikuwa mchimba makaa. Mama yake, Phoebe, alikuwa mshonaji wa nguo. Walizaa watoto kumi, lakini si wote waliofikia utu uzima. Siku zile, kuzika mtoto lilikuwa jambo ambalo karibu kila nyumba ya wachimbaji ililijua.

Masomoni hakung'aa. Alikuwa na kigugumizi na hakupatana na mwalimu wake mkuu. Akiwa na miaka 13 aliingia mgodi wa Ty-Trist. Baada ya kazi alisoma vitabu vya maktaba ya wafanyakazi, ambayo wachimbaji wenyewe waliitunza kwa michango yao. Kigugumizi alipambana nacho kwa kusimama mbele ya watu na kusema. Alipokwama kwenye neno moja, alitafuta lingine lenye maana ileile. Kwa njia hiyo alijikusanyia maneno mengi, na baadaye akawa mmoja wa wasemaji wakubwa wa bunge la Uingereza.

Kabla ya kufikisha miaka 20 alikuwa tayari kiongozi wa sendika ya wachimbaji mahali pake. Mwaka 1919 sendika ilimlipia masomo ya miaka miwili London, katika chuo cha wafanyakazi. Aliporudi nyumbani mwaka 1921, kampuni ya mgodi haikutaka kumpa tena kazi kwa sababu ya siasa yake. Alikaa muda mrefu bila mshahara.

Mwaka 1925 baba yake alifariki kwa ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la makaa. Familia haikupata malipo yoyote, kwani sheria ya wakati huo haikuuhesabu ugonjwa huo kati ya magonjwa ya kazi. Mzee aliyetumia maisha yake chini ya udongo aliacha mjane na deni la huzuni. Mwaka uliofuata, wachimbaji wa nchi nzima walifungiwa migodi kwa miezi kadhaa baada ya kukataa kupunguziwa mshahara. Bevan alikuwa kati ya wale waliopanga chakula cha familia za Tredegar katika kipindi hicho cha njaa.

Mutuelle iliyomfundisha

Pamoja na umaskini wake, Tredegar ilikuwa na kitu ambacho miji mingi ya Uingereza haikuwa nacho. Wafanyakazi walikuwa na chama chao cha matunzo, Tredegar Medical Aid Society. Wakaaji wa Kivu wangekitambua haraka: ilikuwa mutuelle ya afya. Kila mfanyakazi alikatwa peni chache kwa kila pauni ya mshahara wake. Aliyepata kidogo alitoa kidogo, aliyepata kingi alitoa kingi. Kwa pesa hizo chama kiliajiri waganga, daktari wa meno na wauguzi, kikawa pia na hospitali ndogo mjini. Mwanachama alipougua, yeye na watu wa nyumba yake walitunzwa bila kulipa tena.

Kufikia miaka ya 1940 chama kilihudumia zaidi ya watu 22,000 kati ya wakaaji kama 24,000 wa mji na pembezoni mwake. Mmoja wa waganga waliofanya kazi huko mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikuwa A. J. Cronin, ambaye baadaye aliandika riwaya The Citadel, iliyotoka mwaka 1937 na kuwafanya watu wengi waone ubaya wa matunzo ya kununuliwa.

Bevan aliingia katika kamati ya hospitali ya mji na akaiongoza kwa muda. Hapo alijifunza mambo mawili. La kwanza, watu wa mshahara mdogo wanaweza kujenga matunzo mazuri wakichanga pamoja kabla ya ugonjwa, badala ya kila mmoja kutafuta pesa wakati amekwisha kuanguka. La pili, mutuelle ya mji mmoja ina mipaka. Mgodi ukifungwa, michango inapungua wakati uleule ambapo njaa na ugonjwa vinaongezeka. Mahali penye shida nyingi ndipo penye mfuko mdogo. Ili mzigo ubebwe sawasawa, ilibidi nchi nzima iwe chama kimoja.

Fedheha ya kupimwa umaskini

Mwaka 1929 Bevan alichaguliwa kuwa mbunge wa Ebbw Vale kwa chama cha Labour. Alishika kiti hicho mpaka kufa kwake. Mwaka 1934 alimuoa Jennie Lee, binti wa mchimba makaa wa Scotland, ambaye naye aliwahi kuwa mbunge.

Alifika bungeni wakati uchumi wa dunia ulikuwa unaanguka. Mamilioni ya Waingereza walikosa kazi. Mwaka 1931 serikali iliweka utaratibu wa kupima hali ya kila familia kabla ya kuwasaidia wale ambao malipo yao ya bima ya kukosa kazi yamekwisha. Maofisa waliingia nyumbani, wakauliza juu ya akiba, wakatazama vyombo, wakahesabu mshahara wa kila mtu anayelala humo. Kijana akipata kazi ndogo, msaada wa baba yake ulikatwa. Vijana wengine walihama nyumbani ili wazazi wasipoteze mkate. Msaada uliotolewa kwa jina la kulinda familia ulikuwa unazivunja.

Hospitalini hali ilifanana. Sheria ya bima ya mwaka 1911, iliyoletwa na David Lloyd George, ilimpa mfanyakazi mganga wa kumtibu, lakini haikumhesabu bibi yake wala watoto wake, na matunzo ya hospitali kwa sehemu kubwa yalibaki nje. Hospitali za wafadhili zilikuwa na wafanyakazi wa kumuuliza mgonjwa anaweza kulipa kiasi gani. Akina mama wengi walivumilia maumivu miaka na miaka ili pesa ya mganga ibaki kwa ajili ya mume ama mtoto.

Bevan alipinga mambo hayo bungeni na barabarani. Hasira yake iligeuka kuwa msimamo ambao hakuuacha tena: msaada unaomlazimisha mtu kuthibitisha umaskini wake humwondolea heshima, na mtu aliyeondolewa heshima huchelewa kuomba msaada hata anapokufa. Kwake, njia ya kumsaidia maskini ilikuwa kujenga huduma moja ya watu wote, kisha kuwatoza wenye nacho kwa njia ya kodi.

Hakuwa mtu wa kunyenyekea. Mwaka 1939 chama chake kilimfukuza kwa miezi kadhaa kwa sababu ya kutaka umoja na vyama vingine dhidi ya ufashisti. Wakati wa vita alimkosoa Winston Churchill waziwazi, jambo lililomletea maadui wengi. Wapinzani wake walimcheka pia kwa kupenda divai nzuri na meza za matajiri, huku akijiita mtetezi wa wachimbaji.

Waziri wa miaka 47

Vita vya pili vya dunia vilibadili mawazo ya Waingereza. Ili kutunza majeruhi wa mabomu, serikali ilikuwa imeziweka hospitali chini ya mpango mmoja. Watu wakaona kwamba jambo hilo linawezekana. Mwezi wa desemba 1942, mtaalamu William Beveridge alitoa ripoti iliyopendekeza bima ya jamii kwa wote na kutaja maadui watano wa kushindwa: ufukara, ugonjwa, ujinga, makao mabaya na ukosefu wa kazi. Raia walipanga mistari kuinunua.

Julai 1945 chama cha Labour kilishinda uchaguzi. Waziri wa kwanza, Clement Attlee, alimpa Bevan afya na nyumba kwa pamoja. Alikuwa na miaka 47, mdogo kuliko wote katika baraza la mawaziri, na hakuwa amewahi kushika wizara yoyote.

Wengi walitazamia kwamba angeacha hospitali kwa miji na wafadhili, na serikali iongeze tu ruzuku. Yeye alipendekeza zote zichukuliwe na taifa. Herbert Morrison, mmoja wa wakubwa wa chama chake mwenyewe, alipinga, akitaka miji ibaki na hospitali zake. Bevan alijibu kwa mfano alioujua tangu Tredegar: mji maskini hautakuwa kamwe na hospitali nzuri kama inategemea mfuko wake peke yake. Attlee alimuunga mkono. Sheria ilitiwa sahihi tarehe 6 novemba 1946, ingawa chama cha Conservative kilipiga kura dhidi yake. Kwa Uingereza na Wales peke yake, hospitali zaidi ya 2,600 ziliingia mikononi mwa taifa.

Vita na waganga

Kupitisha sheria kulikuwa rahisi kuliko kuwapata waganga. Chama chao, British Medical Association, kiliogopa kwamba wangegeuzwa kuwa watumishi wa serikali wenye mshahara, wa kupangiwa mahali pa kukaa na namna ya kutibu. Katika kura yao ya mwezi wa februari 1948, miezi michache kabla ya kuanza, karibu tisa kwa kumi ya waliopiga kura walikataa.

Hapo ndipo ilionekana kwamba Bevan, pamoja na ukali wake, alijua kujadiliana. Aliwatenga wakubwa wa hospitali na waganga wa kawaida. Wataalamu wa upasuaji na wengine wa ngazi ya juu aliwaruhusu kubaki na wagonjwa wao wa kulipa, hata ndani ya hospitali za taifa, na kuwalipa vizuri kwa kazi yao kwa umma. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba alinunua ukimya wao. Waganga wa mitaa aliwahakikishia kwamba hawatawekwa kwenye mshahara wa serikali, bali wangelipwa kulingana na idadi ya watu waliojiandikisha kwao. Wakati huohuo raia walikuwa wanajiandikisha kwa wingi. Mganga aliyebaki nje aliona kwamba angebaki bila wagonjwa. Kufikia julai wengi walikuwa wameingia.

Bei ya mapatano hayo haikuwa ndogo. Kitanda cha kulipa ndani ya hospitali ya umma kilibaki, na mabishano juu yake yaliendelea miaka mingi baada ya kifo chake. Lakini bila waganga, sheria ingekuwa karatasi tu.

Siku moja, sheria kadhaa

Tarehe 5 julai 1948 haikuleta Huduma ya Taifa ya Afya, NHS, peke yake. Siku hiyohiyo ilianza bima ya taifa iliyosimamiwa na James Griffiths, ambaye naye alikuwa mchimba makaa wa zamani kutoka Wales. Kwa mchango wa kila juma, mfanyakazi alipata haki ya malipo wakati wa ugonjwa, kukosa kazi, uzazi, ujane na uzee. Tangu agosti 1946, familia yenye watoto zaidi ya mmoja ilikuwa inapata shilingi tano kwa juma kwa kila mtoto baada ya wa kwanza, na kwa kawaida mama ndiye aliyezichukua.

Sheria nyingine iliyoanza siku hiyo ilifuta ile ya zamani juu ya maskini, ambayo mizizi yake ilifika mwaka 1601 na ambayo iliwapeleka wasio na kitu katika nyumba za kazi za kutisha. Bevan mwenyewe aliitetea bungeni. Kupimwa hakukwisha kabisa, kwani wale ambao bima haikuwafikia bado waliulizwa juu ya mapato yao kabla ya kupata msaada. Ila mshahara wa kijana wa nyumbani haukuwa tena sababu ya kumnyima mzazi.

Pesa za NHS zilitoka hasa katika kodi, na sehemu ndogo katika michango ya bima. Neno bure lilikuwa na maana ya wazi: kila mtu amekwisha kulipa kulingana na uwezo wake akiwa mzima, ili asiulizwe akiwa mgonjwa.

Mara moja watu walikuja kwa wingi kuliko serikali ilivyohesabu. Walitaka miwani, meno na dawa. Akina mama walifika na magonjwa waliyoyaficha miaka mingi. Wapinzani waliita hali hiyo uharibifu. Bevan aliiona kuwa ushahidi wa shida iliyokuwa imefichwa.

Katika nyumba hakufaulu hivyo. Alidai makao ya serikali yawe makubwa na ya kudumu, akakataa vibanda vya haraka. Nyumba zilizojengwa zilisifiwa kwa ubora, lakini zilikuwa chache kuliko familia zilizokuwa zinangoja, na lawama zikamwangukia. Ulimi wake pia ulimponza. Usiku wa kuamkia siku ya NHS, Manchester, aliwatukana watu wa Conservative kwa maneno makali ya wanyama waharibifu, na magazeti yalimkumbusha maneno hayo mpaka mwisho.

Kujiuzulu kwa sababu ya miwani na meno

Mwaka 1951 Uingereza ilikuwa katika vita ya Korea na ilipanga kutumia pauni milioni 4,700 kwa silaha katika miaka mitatu. Waziri wa fedha, Hugh Gaitskell, aliamua kwamba wagonjwa walipe nusu ya bei ya miwani na meno ya bandia. Kwa mwaka wa kwanza, hatua hiyo ingeleta kama pauni milioni 13.

Bevan, ambaye tangu mwezi wa januari alikuwa amehamishiwa wizara ya kazi, aliona kwamba kiasi hicho ni kidogo mno kwa bajeti ya silaha, lakini kinavunja msingi wenyewe. Mlango ukifunguliwa kwa malipo madogo leo, kesho utafunguliwa zaidi. Mwezi wa aprili 1951 alijiuzulu. Harold Wilson, aliyekuja kuwa waziri wa kwanza baadaye, alijiuzulu pamoja naye. Wengine walimlaumu kwa kukigawa chama, na kweli Labour ilishindwa uchaguzi mwaka huohuo. Mwaka 1952 serikali mpya ya Conservative ilianza kutoza shilingi moja kwa karatasi ya dawa.

Serikali hiyo, iliyokuwa imepinga sheria ya mwaka 1946, haikuthubutu kufuta NHS. Iliunda kamati chini ya mchumi Claude Guillebaud ili kuchunguza gharama zake. Ripoti ya mwaka 1956 ilishangaza: hapakuwa na uharibifu mkubwa wa pesa, na sehemu ya utajiri wa taifa iliyokwenda kwa NHS ilikuwa imeshuka kidogo, toka asilimia 3.75 hadi 3.25 katika miaka ya mwanzo.

Miaka ya mwisho na alichoacha

Bevan aliendelea kuongoza mrengo wa kushoto wa Labour, kisha mwaka 1957 akawashtua wafuasi wake kwa kukataa Uingereza itupe silaha zake za nyuklia peke yake. Mwaka 1959 akawa naibu wa mkubwa wa chama. Hakupata muda wa kwenda mbele. Alifariki kwa kansa ya tumbo tarehe 6 julai 1960, akiwa na miaka 62, miaka 12 na siku moja baada ya NHS kuanza. Majivu yake yalitawanywa katika vilima vya juu ya Tredegar.

Leo NHS ina matatizo makubwa: foleni ndefu, uhaba wa wauguzi, majengo yaliyochakaa. Uingereza yenyewe bado inatoza dawa kwa watu wengi. Wales, nyumbani kwake, ilifuta malipo hayo mwaka 2007. Lakini tangu mwaka 1948 hakuna serikali iliyoshinda uchaguzi kwa kuahidi kurudisha bei ya kumwona mganga.

Huku Congo, mwaka 2023 serikali ilianza Kinshasa mpango wa kuzalisha akina mama bila malipo, kama hatua ya kwanza ya matunzo kwa wote, na mutuelle za afya zinaendelea kukusanya michango katika miji na vijiji. Nchi hizi mbili hazina mfuko mmoja wala historia moja. Hata hivyo, kazi ya mchimba makaa wa Tredegar inaacha maswali ambayo kila mpango wa aina hiyo unapaswa kujibu: nani analipa kabla ya ugonjwa, waganga wanalipwa na nani na kwa wakati gani, na mama mwenye uchungu wa kuzaa atapokelewa kwanza ama ataulizwa kwanza ana pesa ngapi.